Ile Picha ya Mashauri ya Gripe Inaongea na Nani?

Kila mwaka ni ile ile. Mwezi wa sita ukiingia, mvua zimekatika, upepo wa kusi unaanza kupiga toka ziwani, vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya sahani ya bukari, na simu inalia. Picha. Juu rangi ya bluu, katikati msichana mwenye kitambaa kizito shingoni, ameshika kikombe kinachotoa mvuke, na pembeni mashauri kwa mwanafunzi anayetaka kupita msimu wa gripe bila kuugua. Mwaka huu imeniletewa na mdogo wangu. Yeye yuko L1 hapa Kalemie, anaishi na wenzake watatu katika chumba kimoja cha kupanga. Chini ya picha akatia sauti ya sekunde nne: "Yaya, hii mambo banasema hapa, iko kweli?"

Nilikuwa karibu kumjibu "ndiyo" na kuendelea na kazi zangu, maana ni kweli. Kisha nikaisoma tena polepole, namna walivyotufundisha kusoma maandishi: nani anasema, anasema na nani, na ni kitu gani amekiacha nje. Hapo nikaona "ndiyo" peke yake itakuwa uongo wa aina fulani. Basi ndugu zangu wasomi, na ninyi wadogo mlio bado kwenye viti, nimeamua kuichambua picha hii hadharani kama mtu anavyochambua kitabu. Imesomwa na watu wengi kuliko vitabu vyetu vyote vya memwari.

Kwanza nitaipa haki yake, kwa sababu kuna watu wanaopenda kucheka kila kitu kilichoandikwa na wazungu wakafikiri hiyo ndiyo akili. Yaliyomo ni sahihi. Gripe ya kweli inaletwa na virusi vya influenza, na si kitu kimoja na mafua ya kawaida, ingawa sisi vyote tunaviita gripe. Mafua yanakuja taratibu, pua inatoka maji, unaendelea kutembea. Gripe inakuangusha: asubuhi ulikuwa mzima, jioni mwili wote kama umepigwa fimbo, homa kali siku tatu ao nne, na kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili. Mgonjwa anaanza kuambukiza karibu siku moja kabla hajajisikia vibaya, kisha anaendelea siku 5 mpaka 7. Kwa hiyo kunawa mikono, kukohoa ndani ya kiwiko, kufungua dirisha, kutokaa karibu na wengine, yote yana sababu. Hata kuhusu vumbi picha ina haki ya kunyamaza: vumbi na upepo wa kiangazi vinakwaruza koo, lakini haviumbi virusi, na katika nchi zetu za joto gripe haijali kalenda ya baridi ya Ulaya. Inazunguka hata wakati wa mvua.

Shida iko kwenye sarufi. Soma vitenzi: nawa, lala, kunywa, kaa, epuka, pata. Vyote ni amri ya umoja. Anaambiwa mtu mmoja. Na ukiangalia vizuri, mtu huyo ana chumba chake, mlango wake, robine yake, kitanda chake, sanduku la leso za karatasi, na daktari wa chuo wa kumpigia simu. Kiswahili chetu kingekuwa na njia nyepesi ya kumwambia yule anayeishi kweli hapa: naweni, laleni, fungueni. Ao bora zaidi: tunawe, tulale, tufungue. Silabi moja tu, lakini inabadilisha mambo yote. Wanafunzi wanne wanaolala kwenye magodoro mawili hawawezi kutii amri ya umoja. Kwetu gripe haikamati mtu, inakamata chumba.

Tuchukue maji, maana hapo ndipo picha inaanguka chini kabisa. Inasema nawa mikono mara nyingi kwa maji yanayotiririka na sabuni. Sawa. Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa wanne na tulikuwa na mabido mawili ya lita 20 kwa siku, siku zile nzuri. Lita 40 kwa watu wanne ni lita 10 kwa kila mmoja: kupika, kuoga, kuosha vyombo, choo, nguo za ndani. Juzi nilipima kwa kikombe: kunawa vizuri, si kule kulowesha vidole, kulinimalizia karibu nusu lita. Ukinawa mara nane kwa siku, lita 4 zimekwenda. Karibu nusu ya maji yako yote, mikono tu! Hakuna mtu chumbani aliyenipinga kwa hoja ya sayansi. Walinipinga kwa kuangalia bido. Mwenzako akikuona unamwaga maji mara ya tano, na yeye ndiye aliyebeba bido kichwani toka kwenye bomba la jirani, hakuoni msafi. Anakuona mchoyo.

Na hapa Kalemie maji si habari ya gripe tu. Mji huu, sawa na Uvira huko juu kwenye ziwa hili hili, unajulikana duniani kote kwa kolera. Mwaka 2013 na 2014 watu wa sehemu kadhaa za mji wetu walikunywa chanjo ya kolera, na wengi mnaosoma hapa mnakumbuka vile vichupa. Kuhusu Uvira kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia miaka ya 2009 mpaka 2014: siku ambayo bomba halikutoa maji kabisa, ukiilinganisha na siku ya maji ya kutosha, ilifuatwa ndani ya siku 12 na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kolera. Asilimia 155! Yaani robine ikikauka Jumatatu, kituo cha kolera kinajua kabla wiki mbili hazijaisha. Halafu mwaka 2024 ziwa likapanda, likaingia ndani ya nyumba za watu, vyoo na visima vikachanganyika. Sasa picha yenye kikombe cha chai inakuja kumwambia mtoto wa mji huu "nawa mikono" kana kwamba ni tabia nzuri iliyomsahau tu. Haijaniuliza maji yametoka wapi.

Tuliishi jambo hili mwaka 2020, msisahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu, na siku chache baadaye shule na vyuo vikafungwa nchi nzima. Ghafla mbele ya kila duka, kila kanisa, kila ofisi kukawa na ndoo yenye robine na kipande cha sabuni. Watu walinawa! Nasema hivi kwa sababu kuna wanaosema "Mukongomani hapendi usafi". Maji yalipowekwa mbele ya mlango na sabuni ikawekwa juu yake, watu walinawa, hata wale wazee wakali wa sokoni. Kisha ndoo zikabaki tupu, sabuni zikaenda nyumbani na mtu, robine zikavunjika. Kashne ikateremka toka puani ikafika kidevuni, toka kidevuni ikaingia mfukoni. Siku ile ndoo ilipokauka, ile amri ya "nawa" ilibaki ukutani peke yake, na mpaka leo ukipita kwenye ofisi nyingine utaiona, karatasi imekuwa ya manjano.

Kuhusu chanjo nitapita haraka. Picha inasema pata chanjo ya gripe kila mwaka. Ni shauri zuri kwa mahali ambapo chanjo hiyo ipo: virusi vinabadilika, ndiyo maana OMS inakutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka kuchagua aina zitakazotiwa ndani. Lakini katika chanjo za PEV, zile mama zetu wanazopelekea watoto, hii haimo, na mimi sijawahi kuiona katika farmasi yoyote niliyoingia hapa mjini. Mstari huo ungeachwa mtupu tusingepoteza kitu.

Sasa mstari unaoniuma: ukiwa mgonjwa, baki nyumbani.

Mwaka wangu wa pili nilikwenda kwenye interro na homa. Sitataja chuo, sitataja kozi, wala sitajisafisha. Nilijua naumwa. Usiku mzima nilikuwa natetemeka. Lakini asistanti alikuwa ametuambia wazi kwamba asiyekuwepo ana sifuri, na cheti cha mganga kilihitaji pesa ya mganga, na pesa ya mganga ndiyo ilikuwa pesa ya silabusi. Nikajifunga kitenge mabegani, nikakaa benchi la tatu, watu sita kwenye benchi la watu wanne, madirisha yamefungwa sababu ya vumbi. Nilikohoa saa mbili nzima. Wiki iliyofuata CP wetu alihesabu waliokosa, akaacha kuhesabu. Nilipata 12 juu ya 20, kwa wanaotaka kujua.

Je, mimi nilikosa? Ndiyo. Lakini angalia picha: imejaa amri kwa mgonjwa, na hakuna hata nusu mstari kwa yule anayeandika ile sifuri. Hakuna unaosema: mwalimu, weka interro ya pili kwa wagonjwa bila kuwadai kitu. Hakuna unaosema: bwana mkuu wa ofisi ya masomo, fungua madirisha ya ukumbi. Dirisha lililofunguliwa halina gharama, halihitaji mradi wala mfadhili. Picha imechagua upande. Imeona ni rahisi kumwamuru aliye chini kuliko kumwomba aliye juu, na hapo hata mchoraji wa Ulaya na mkubwa wa kwetu wanaelewana bila mkalimani.

Na bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Nimelizunguka kwa sababu linanihusu.

Katika chumba chetu cha wanne kulikuwa na dada mmoja, mkubwa wetu kwa mwaka mmoja, mpishi mzuri wa ndagala kuliko sisi wote. Kiangazi kimoja akaanza kuumwa kichwa, baridi, maungo. Sisi watatu tulikuwa tumetoka kwenye gripe wiki iliyopita. Nani angefikiria kingine? Alisema, "Kichwa inaniuma sana, yaya." Aliniita yaya kwa utani tu. Mimi nikamwambia, na maneno haya ninayo mpaka leo: "Iko gripe tu, itapita." Tukampa tangawizi na ndimu. Tukamfukiza. Siku ya pili nikaenda kununua ampi, vidonge sita, vilivyokatwa na makasi toka kwenye plaketi, bila mtu kuniuliza kitu. Siku ya nne akaanza kusema maneno yasiyoungana. Tulimbeba kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshika. Kituoni walitoboa kidole, tone moja la damu, dakika zisizofika ishirini: malaria, na ilikuwa imeshapanda kichwani.

Aliishi. Nisiwaache na hofu. Lakini alikosa sesiyo, na mwaka ule kwao hawakuwa na pesa ya kulipia mwaka mwingine. Leo anauza vitenge, ana watoto wawili, tukikutana tunacheka. Hajawahi kunilaumu, na mimi sijawahi kumwomba msamaha kwa maneno. Labda ataisoma hii.

Kwa hiyo, ile picha haina neno malaria. Hata mara moja. Haina, kwa sababu mahali ilipozaliwa mwanafunzi mwenye homa na maungo yanayouma ana gripe, na asilimia kubwa ya mara atakuwa sahihi. Hapa homa ni mlango mmoja wenye vyumba vingi nyuma yake: malaria, tifoidi, gripe, na pengine mawili kwa pamoja. Ampi haiui virusi vya gripe na haiui malaria. Siku zile tatu tulikuwa tunatibu ugonjwa ambao hakuna mtu chumbani aliyekuwa nao. Na si sisi wajinga wa chumba kimoja tu. Mwisho wa mwaka 2024, huko Panzi, jimbo la Kwango, watu walikufa, wengi wao watoto, na dunia nzima ikaanza kuita "ugonjwa usiojulikana". Wapimaji walipofika wakakuta magonjwa ya kawaida ya njia ya hewa, virusi vya mafua na gripe vikiwemo, yaliyokutana na malaria katika miili iliyokuwa tayari na njaa. Hakukuwa na mnyama mpya. Kulikuwa na majina ya zamani yaliyokuja pamoja, mbali na kipimo.

Ndiyo maana shauri la "pumzika, kunywa vitu vya moto, itapita" linaweza kuwa sahihi kule na kuua hapa. Kwetu neno la kwanza baada ya homa lingekuwa kipimo. TDR kabla ya tangawizi. Kisha, ikitoka hasi, ndiyo, ulale, unywe, para ya homa, na uangalie: pumzi ikikata, kifua kikiuma, maneno yakichanganyika, ao homa ikirudi baada ya kuondoka, hapo si gripe ya kulala nayo.

Picha hii ina mpinzani, na haki inanitaka nimchambue naye: zile sauti za WhatsApp. Mnazijua. Mama fulani, hatujui ni nani, wengine wanasema ametoka Kigoma ng'ambo ya ziwa, anaanza: "Wanangu, sikilizeni." Dakika tano. Vitunguu saumu, tangawizi, majani ya mwarobaini, shuka la kujifunika, sufuria ya maji yanayochemka. Mwaka 2020 na 2021 zilimiminika, wakati Tanzania watu wanapiga nyungu na Madagascar wanatangaza chai yao ya artemisia. Kama fasihi, nasema bila aibu, sauti zile zinashinda picha kwa mbali. Anayesema anajulikana ni mama. Anasema na wengi. Anataja vitu vilivyo sokoni na bei ya watu. Anajua kuna shuka moja na watu watatu, anasema mpeane zamu. Sarufi yake ni ya kwetu.

Lakini sayansi yake, hapo nalia. Chai ya tangawizi inalainisha koo, haiui kirusi. Mvuke unafungua pua kwa nusu saa, na sufuria ile ikimwagika mapajani utasahau kama ulikuwa na gripe. Na kufukiza ndani ya chumba kilichofungwa, mbabula ya makala inawaka pembeni, ni kujaza moshi kwenye mapafu ambayo tayari yanaomba hewa. Ninamchukia zaidi kwa jambo moja: anaongea vizuri hivyo, na hakuna mahali anaposema "kwanza mpimeni". Angelisema yeye, tungelisikia. Siku ile chumbani tulimtii yeye. Picha hatukuikumbuka hata kidogo.

Ndiyo hukumu yangu, kama mnataka hukumu: mwenye ukweli hajui kuongea na sisi, na anayejua kuongea na sisi ana nusu ya ukweli. Wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi waliomo kwenye umoja wetu, mnangoja nini? Mna simu, mna sauti, mna mama zenu wa kuwasahihishia Kiswahili.

Nilimjibu mdogo wangu jioni, sauti ndefu kuliko nilivyotaka. Nilimwambia ya kipimo, ya dirisha, ya sabuni ya kipande na kidumu kidogo kilichotobolewa, kile unachokiinamisha kwa kamba na mguu ili kitoe maji kidogo tu, kikombe kimoja kinatosha watu wawili. Nikamwambia pia habari ya yule dada wa ndagala, ambayo hakuwahi kuisikia. Alinyamaza karibu saa nzima.

Jana amenitumia picha, safari hii ya ukuta wao. Wamechukua mgongo wa karatasi ya silabusi ya zamani, wameandika kwa bik nyekundu, Kiswahili chao kile cha chumbani: tunanawa mbele ya kula, dirisha inafunguliwa hata kama kuko vumbi, mwenye homa anapelekwa kupima siku ile ile na pesa inatoka kwenye likelemba yetu. Mistari mitatu, yote "sisi". Chini, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kuna swali limeongezwa: "Na sabuni nani atauza?" Na pembeni yake, kwa penseli, jina la mdogo wangu, na neno "juma hii".